Kivuli cha Mti na Maziwa ya Kigali

Watu wa Kigali ni wapenzi wakubwa wa maziwa, na mapenzi hayo ni ya asili, wala hayakuletwa na matangazo ya biashara. Kuanzia Nyamirambo hadi Kimironko na Remera yako maduka ambayo kazi yake ni kuuza maziwa tu: mteja huingia asubuhi au jioni, huketi kwenye benchi, huletewa bilauri kubwa ya maziwa moto au ya ikivuguto, ule mtindi mzito wa Kinyarwanda, akateremshia chapati au andazi, kisha akaenda zake. Ukimwuliza mwenye duka maziwa yake yametoka wapi, atakutajia Nyagatare, au Gishwati, au vilima vya karibu na mji. Na akiwa mtu wa maneno atakueleza pia mwaka ulivyo, kama mvua imenyesha au kiangazi kimekaza, maana wingi wa maziwa na bei yake hufuata mambo hayo. Jambo moja tu haulizwi na mtu, wala yeye mwenyewe halitaji: ng'ombe aliyetoa maziwa yale, saa sita ya mchana alikuwa wapi, juani au kivulini?

Nami naliona swali hilo ni kubwa kuliko lidhaniwavyo. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi serikali, vyama vya ushirika na wafugaji wenyewe wamejitahidi sana kubadili mbegu ya ng'ombe, kueneza uhimilishaji, chanjo na majani ya kupandwa, kuchimba mabwawa na kujenga vituo vya kukusanyia na kupoza maziwa. Na juhudi hizo zimezaa matunda ambayo kila mnywaji wa maziwa mjini anayaonja. Lakini kivuli kimeachwa kwa bahati. Pale ambapo mti ulisalimika ng'ombe amepata, na pale ambapo ulikatwa amevumilia, na hasara ya uvumilivu huo haikuandikwa katika daftari lolote kwa kuwa haionekani kama ionekanavyo hasara ya ndama aliyekufa. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba kivuli ni riziki ya ng'ombe wa maziwa, sawasawa na majani na maji, na kwamba mti uliosimama katikati ya malisho una haki ya kuhesabiwa katika mali ya mfugaji.

Kinachowapumbaza wengi ni sifa ya nchi yenyewe. Kigali imejengwa juu ya vilima vilivyo kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya wastani mwaka mzima. Mgeni atokaye Mombasa au Dar es Salaam huusifu ubaridi wake, na akirudi kwao huwasimulia jamaa zake kuwa Rwanda hakuna joto. Kwa hiyo habari ya ng'ombe kuteswa na jua huonekana ni habari ya majimbo ya kusini mwa Marekani, au ya mashamba ya Uarabuni ambako ng'ombe hufugwa chini ya mapaa makubwa wakipulizwa kwa mapangaboi na kunyunyiziwa maji. Walakini ng'ombe hapimi hewa kwa ngozi ya binadamu. Hali imfaayo ng'ombe wa maziwa mwenye asili ya Ulaya ni baina ya nyuzi 5 na 25 za sentigredi, na hewa ya nyuzi 10, ambayo kwetu sisi ni baridi ya kutetemesha, kwake yeye ni starehe tupu. Pale tunapovua sweta na kusema sasa kumekuwa kuzuri, yeye ndipo anapoanza kuona dhiki.

Sababu ya tofauti hiyo imo tumboni mwake. Tumbo la kwanza la ng'ombe, ambalo kwa mnyama mkubwa huchukua lita 100 na zaidi, ni kama pipa la pombe lisilokoma kuchachuka: viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huyavunja majani usiku na mchana, na uvunjaji huo huzaa joto jingi ambalo mwenye tumbo hana budi kulibeba. Tena kutengeneza maziwa kwenyewe ni kazi nzito ya mwili. Inakadiriwa kuwa ili lita moja ya maziwa ipatikane, damu ya lita 400 hadi 500 hupita katika kiwele. Na damu hiyo huvuta chakula, na chakula huleta joto zaidi. Ng'ombe wa kienyeji atoaye lita mbili au tatu kwa siku ana joto dogo la kulitupa nje, lakini chotara wa Friziani atoaye lita 15 analo maradufu, naye anatakiwa kulitupa chini ya jua lile lile, katika malisho yale yale, na kwa ngozi ambayo, mahali ilipo nyeusi, hunywa miali ya jua kuliko ngozi nyeupe. Joto la mwili wake likiwa la afya huwa karibu nyuzi 38.6, likipanda nyuzi moja tu juu ya hapo, mambo mengi ndani yake huharibika. Na kutokwa jasho, ambako kwetu ni rehema kubwa, kwake ni kwa kiasi haba, hivyo hana budi kutweta.

Wataalamu wamelitafutia jambo hili kipimo. Mwaka 1959 Mmarekani aitwaye E. C. Thom alitoa hesabu ya kuunganisha joto la hewa na unyevu wake, akikusudia kupima adha wanayoipata wanadamu. Baadaye watu wa elimu ya mifugo wakaichukua, wakakubaliana kwamba namba ikifika 72 ng'ombe wa maziwa ameanza kutaabika, na katika miaka ya karibuni wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Arizona wakashusha mpaka huo hadi 68 kwa ng'ombe watoao maziwa mengi. Sasa mtu achukue kalamu na karatasi: hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa sehemu 60 kwa mia, hali ambayo mkazi wa Kigali huiita nzuri kabisa, akaenda kutembea kwa raha, huleta karibu 73. Yaani katika mji unaosifiwa kwa ubaridi, alasiri isiyo na kitu cha kustaajabisha hutosha kumvusha mpaka ng'ombe wa maziwa.

Na hesabu hiyo ni ya kivulini. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ili hewa ipite na jua lisikiguse, ambapo ng'ombe wa malishoni hana kisanduku. Jua la Rwanda, nchi iliyo nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta na iliyoinuliwa juu kiasi kwamba hewa iliyo kati yake na mbingu ni nyembamba kuliko ya pwani, hushuka utosini kwa ukali ambao upepo mwanana huuficha. Mtu aliyepata kulima saa saba ya mchana huko Bugesera anajua ninachosema: hewa yaweza kuwa ya wastani na mgongo ukaungua. Kivuli kizuri humwondolea ng'ombe kati ya theluthi na nusu ya mzigo wa joto litokalo juani, hata kama hewa yenyewe haikupoa hata kidogo. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima, kwa kuwa katika nchi hii adui mkubwa wa ng'ombe ni mwale wa jua unaompiga mgongoni moja kwa moja, na mwale huzuiwa na jani.

Tumtazame ng'ombe mmoja katika urwuri, yaani shamba la malisho lililozungushiwa ua wa minyaa, huko Nyagatare mwezi wa Agosti, wakati majani yamegeuka rangi ya udongo na joto la mchana linakaribia nyuzi 30. Ni chotara wa Friziani na Ankole, amezaa mara ya pili. Saa moja asubuhi anakula kwa bidii, ulimi wake ukizoa majani bila kupumzika. Saa nne anaanza kuinua kichwa mara kwa mara. Kufika saa sita ameacha kula kabisa, na kundi zima limekusanyika chini ya umunyinya mmoja, ule mgunga wenye matawi yaliyotandazwa kwa usawa ambao macho yetu yameuzoea katika picha za mashariki ya nchi hii. Utazame mpango wao: wakubwa wenye nguvu wako katikati, karibu na shina, mtamba aliyezaa mara ya kwanza juzi, ambaye ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote, amesukumwa pembeni, kichwa chake kimo kivulini na mgongo wake wote uko juani. Uhesabu ubavu wake unavyopanda na kushuka kwa muda wa dakika moja. Ng'ombe aliyetulia huvuta pumzi mara 30 hivi, au 40. Akipita 60 amekwisha kuelemewa. Na huyu amepita 80, mate membamba yananing'inia mdomoni, na taya lake limesimama. Hacheui. Nani hajui katika wafugaji kuwa ng'ombe asiyecheua hana maziwa ya kesho?

Hasara yenyewe huja polepole, na upole huo ndio unaowafanya watu wasiitambue. Mnyama aliyeshikwa na joto hupunguza kula, kwa kuwa kila fumba la majani ni joto jipya, na maziwa hufuata chakula katika kupungua; lakini uchunguzi wa makini umeonyesha kuwa upungufu wa chakula hueleza karibu nusu tu ya maziwa yanayopotea, na sehemu iliyobaki hutokana na mwili wenyewe kubadili matumizi ya nguvu zake ili ujiokoe. Tena husimama muda mrefu ili ngozi yake yote ipate upepo, ilhali ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala chini kiasi cha saa 10 hadi 12 kwa siku, na damu iendayo kiweleni huongezeka anapolala. Kusimama sana huleta pia maradhi ya kwato. Maziwa hayapungui siku ile ile, bali baada ya siku moja au mbili, hata mfugaji akiona ndoo haikujaa siku ya Alhamisi hulaumu majani ya Alhamisi, kumbe mwenye makosa ni jua la Jumanne.

Lakini dhara lililo kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni lile la uzazi. Katika jaribio mashuhuri lililofanywa Florida na matokeo yake kutangazwa mwaka 1977, kundi moja la ng'ombe wa maziwa lilipewa kivuli na jingine likaachwa juani, wote wakila chakula kimoja: waliopata kivuli walitoa maziwa zaidi kwa sehemu 10 hivi katika mia, na katika waliopandishwa walioshika mimba walikuwa 44 katika mia, ambapo kwa wale wa juani walikuwa 25 tu. Kivuli kile kilikuwa cha paa, na Florida si Nyagatare. Hata hivyo kanuni ya mwili ni moja. Nchi inayotumia fedha nyingi kununua mbegu bora za madume, kuzihifadhi katika baridi kali na kuzipeleka kwa pikipiki hadi mlangoni kwa mfugaji, kisha ikamwacha ng'ombe aliyehimilishwa asimame juani siku zile chache ambazo mimba ndiyo kwanza inajishika, inamwaga nusu ya fedha hizo mchangani. Wala ng'ombe aliyekaushwa, anayengoja kuzaa, asisahauliwe kwa kuwa hakamwi. Huyo akipata joto miezi miwili ya mwisho, ndama wake huzaliwa mdogo na yeye mwenyewe hutoa maziwa haba katika uzao unaofuata.

Ni haki niseme pia neema tuliyo nayo, ambayo nchi nyingi za joto zimenyimwa. Usiku wa Rwanda ni wa baridi: hata Kigali, hewa hushuka karibu nyuzi 15 au 16 kabla ya alfajiri, na ng'ombe hupata saa nyingi za kulitapika joto alilolimbikiza mchana. Kwa hiyo hapa hapana haja ya mapangaboi wala mvua za kubuni. Saa tano au sita za kivuli, kuanzia saa nne hadi saa kumi, zatosha kwa wafugaji walio wengi. Lakini neema hiyo ina sharti. Ng'ombe aliyekosa kula mchana kwa ajili ya jua hulipa deni lake alfajiri na jioni, na mchungaji amrudishaye zizini mapema kwa haraka zake mwenyewe humzuia asilipe.

Wazee wa nchi hii, ambao heshima ya ng'ombe kwao ilifika daraja ya adabu na mashairi, hawakuwa na shida hii kwa namna hii. Inyambo, wale ng'ombe wa kifalme wa rangi ya kahawia na pembe ndefu ambao hata leo huonyeshwa wageni katika jumba la kale la mfalme huko Nyanza, walikuwa viumbe wa jua: pembe zao pana zina mishipa ya damu ndani yake, na damu ipitayo humo hupoa kabla ya kurudi mwilini, na maziwa yao, kwa kuwa yalikuwa kidogo, hayakuwabebesha joto kubwa. Tena miti ilikuwako. Mivumu mikubwa ilipandwa katika maskani za wakuu, na mahali palipokuwa na makao ya mfalme pakajulikana kwa miti hiyo hata baada ya nyumba kutoweka.

Leo mambo mawili yametokea kwa pamoja, na hatari iko katika kukutana kwake. La kwanza ni kwamba ng'ombe amebadilika. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 ili kila jamaa maskini ipate ng'ombe, umekwisha kugawa ng'ombe zaidi ya 400,000, na aghalabu ni machotara au wa kigeni, wenye maziwa mengi na joto jingi. La pili ni kwamba miti imepungua. Mwaka 1997 Hifadhi ya Akagera, ambayo ilikuwa na ukubwa wa kilomita mraba 2,500 na zaidi, ilikatwa hata ikabaki chini ya nusu, ili wananchi waliorudi kutoka uhamishoni pamoja na mifugo yao wapate ardhi. Haja yao ilikuwa ya kweli na hakuna wa kuwalaumu, lakini mbuga ilipogeuzwa malisho na mashamba, miti mingi ikaenda kuwa kuni, makaa na nguzo. Upande wa magharibi, msitu wa Gishwati, uliokuwa wa hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970, uliliwa kwanza na mradi mkubwa wa ufugaji na upandaji wa misonobari katika miaka ya 1980, kisha na makazi ya watu baada ya maafa ya 1994, hata mwanzoni mwa karne hii zikabaki hekta kama 600 tu. Ng'ombe mwenye kuhitaji kivuli zaidi ameletwa wakati ule ule kivuli kilipokuwa kinaondolewa.

Atakuwako wa kusema kuwa siku hizi ng'ombe wengi hawaendi malishoni, bali hufungiwa bandani wakakatiwa matete, kwa hiyo kivuli wanacho. Wengi wanacho, ndiyo, lakini kivuli cha namna gani? Banda la mfugaji mdogo aghalabu huezekwa kwa bati, tena chini chini ili kuokoa gharama ya nguzo, na bati lililochomwa na jua tangu asubuhi hugeuka kuwa jua la pili linalomnururishia mnyama joto kutoka juu. Mti haufanyi hivyo. Majani yake hunyonya miali, lakini kila jani hutoa maji kwa njia ya vitundu vyake, na maji hayo yakigeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo. Upepo nao hupita kati ya matawi bila kuzuiwa. Hata mwenye banda la bati, akipanda miti miwili upande wa machweo, jua la alasiri halitaliwasha bati lake, na gharama yake ni ndogo kuliko kubomoa paa na kuliinua.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya mfugaji wa urwuri asemaye kwamba mti huua majani. Nayo ni kweli kwa miti mingine: chini ya mikaratusi mtu hatarajii malisho ya maana, kwa kuwa hunywa maji sana na huiacha ardhi yake tupu. Lakini si kweli kwa miti yote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Joy Belsky na wenzake walipima malisho ya Tsavo, nchini Kenya, chini ya migunga na mibuyu na katika uwanda mtupu, wakakuta kwamba chini ya miti udongo ulikuwa na rutuba zaidi na joto lake lilikuwa dogo zaidi, na majani yaliyoota hapo yalikuwa mengi kuliko ya juani. Mgunga huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa mizizi yake, hudondosha majani yanayooza upesi, na wanyama wanaopumzika chini yake huongeza samadi. Kiangazi kikikaza, majani ya kivulini hubaki na ubichi siku kadhaa baada ya yale ya uwandani kukauka; na siku hizo, kwa mfugaji wa Nyagatare au Kayonza, ni dhahabu.

Tanzania ina mfano ambao kila mfugaji wa Afrika Mashariki angefaa aujue. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umekatwa miti yake kwa miongo mingi, kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o na kwa ajili ya pamba, hata Mwalimu Nyerere alipoutembelea katika miaka ya 1980 akaona jangwa linakuja. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kwamba haukuwafundisha Wasukuma jambo geni, bali uliwarudisha kwenye ngitili, desturi yao ya kufunga kipande cha malisho tangu mvua zinapoanza hadi kiangazi kinapokaza. Ndani ya ngitili hawakupanda sana. Waliviacha visiki vilivyokuwa hai vichipue, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa malisho yenye miti. Somo la pale kwa mashariki ya Rwanda ni wazi kabisa, kwa sababu chini ya majani ya Nyagatare mna visiki vingi vya iminyinya ambavyo kila mwaka huchipua, na kila mwaka hukatwa kwa panga ili malisho yaonekane safi.

Gishwati nayo ina tabia yake. Huko, juu ya mita 2,000, ng'ombe hushinda na kulala nje, na adha zake ni mbili: jua kali la mlimani mchana, kisha mvua ya baridi na upepo mtupu katika mabonde yaliyovuliwa msitu wao. Mti huko ni kivuli na hema. Katika miaka ya 2010 mamlaka za serikali zilianza mradi wa kurudisha miti katika malisho ya Gishwati bila kuwaondoa ng'ombe, na sehemu iliyosalia ya msitu, pamoja na ile ya Mukura, ikafanywa hifadhi ya taifa kwa sheria ya mwaka 2015. Mti uliopendwa sana katika nyanda hizo za juu ni alnusi, uliotoka Amerika ya Kusini, ambao nao hurutubisha udongo kwa mizizi yake na kukua haraka. Na kwa kuwa miteremko ile iliyoachwa uchi imekwisha kuleta maporomoko na mafuriko ya kuua watu, yule apandaye mti kwa ajili ya ng'ombe wake anamlinda na jirani aliye bondeni.

Mti upi upandwe, basi? Wa kilele kipana na kirefu, ambao matawi yake ya chini yaweza kukatwa ili upepo upite: umunyinya kwa mashariki, alnusi kwa milima ya magharibi, mgrevilea na mvumu kwa vilima vya kati, na mlusina kwa ua, kwa kuwa majani yake ni chakula pia, ila kwa kiasi. Mparachichi usiwekwe kamwe mahali ng'ombe anapoweza kuufikia, ingawa kivuli chake ni kizuri na umejaa katika nyua zetu. Majani yake yana sumu inayovimbisha kiwele na kukausha maziwa, na wengi wameitibu dalili hiyo kwa dawa za ugonjwa wa matiti bila kujua chanzo chake. Tawi la mgunga lililovunjika na kunyauka nalo liondolewe upesi. Mstari wa miti uelekee kaskazini na kusini, ili kivuli kiwe magharibi asubuhi na mashariki alasiri, ng'ombe wahame pamoja nacho, na ardhi waliyoilalia ikauke. Kwani kivuli kisichohama hugeuka tope la samadi, na tope ni mama wa maradhi ya kiwele. Kila ng'ombe apate mita mraba 4 au 5 za kivuli kwa uchache, na zaidi ikiwezekana, la sivyo yule mtamba wa pembeni ataendelea kuungua. Mti mmoja peke yake katika uwanda, fauka ya hayo, huita radi, na katika nchi yenye radi nyingi kama hii, miti mingi iliyotawanywa ni salama kuliko jitu moja. Kupe hujificha penye majani marefu chini ya miti, basi mwenye kupanda asiache kuogesha.

Kizuizi kikubwa si kupata mche, maana vitalu viko kila wilaya na miche huuzwa kwa bei ndogo. Kizuizi ni miaka mitatu ya kwanza, ambapo ng'ombe yule yule atakayefaidika huula mche, huukanyaga au huusugua kwa shingo hadi ukavunjika. Kila mche unahitaji kizimba cha miiba au cha vijiti, na kizimba kinahitaji mtu wa kukitengeneza kila msimu. Hapo ndipo kazi nyingi za kupanda miti malishoni zilipofia. Ningependa kuona fedha za miradi zikitumika kulipia ulinzi huo kuliko kuhesabu miche iliyogawiwa.

Na Girinka yenyewe ina mlango ulio wazi. Aliyepewa ng'ombe hana budi kumpa jirani yake mtamba wa kwanza atakayezaliwa, na siku ya kukabidhiana huwa na mashahidi, na afisa wa mifugo huwapo. Mtamba huyo angekabidhiwa pamoja na miche miwili na vijiti vya kizimba chake, ipandwe mvua za Oktoba au Novemba zikishika, naye afisa aikague anapokuja kumchanja mnyama. Alnusi au mgrevilea uliotunzwa hutoa kivuli cha kumfaa ng'ombe katika mwaka wa nne au wa tano, ambao ndio wakati mtamba yule atakuwa amezaa mara ya pili au ya tatu, na kiwele chake kinafikia upeo wa maziwa yake.